Gari Kuukuu Hukaguliwa Likiwa Baridi

Siku ya kuamkia ukaguzi, gereji ya chini ya mti huwa na shughuli kuliko siku nyingine zote za mwaka. Taa ya nyuma iliyozimika tangu Pasaka hufufuliwa. Waipa hununuliwa jozi mpya, honi hufungwa tena mahali pake, na kioo cha pembeni kilichokuwa kikishikiliwa kwa uzi hupata bolti. Pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto huazimwa kwa jirani, na yasemwa kwamba wako waazimao hata matairi, yakarudi kwa mwenyewe kabla ya magharibi. Mwisho gari huoshwa hadi chini ya injini, mafuta yavujayo yasionekane walau kwa siku moja. Kesho yake lasafiri likiwa tupu mpaka mjini, likaguliwe, lipewe stika, na jioni lirudi kwao na maisha yake ya kawaida.

Hali hii haikuanzia Bendera wala haiishii hapo, ila Bendera ni mahali pazuri pa kuitazamia. Kata hiyo ya Wilaya ya Same iko uwandani, chini ya Milima ya Upare ya Kusini, karibu na mpaka wa Mkoa wa Tanga. Barabara itokayo Mkomazi hupita hapo, ikaendelea Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani hadi mjini Same, na njiani hupokea njia za milimani, nyembamba na zenye kona kali, ambazo kwazo hushuka tangawizi ya Mamba, ndizi, maharage, wanafunzi na wagonjwa. Juu kabisa ya safu hiyo kilele cha Shengena kina zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ilhali uwanda uko mamia machache tu ya mita. Gari lifanyalo kazi katika nchi ya namna hiyo halina siku ya mapumziko, na aghalabu ni gari kuukuu: Land Rover ya 109 iliyorithiwa, au Noah iliyokwisha kutumika miaka kumi na mitano Japani kabla ya kuvuka bahari.

Swali ni hili: stika ile inathibitisha nini?

Kisheria msingi upo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani na inawapa askari na wakaguzi mamlaka ya kulipima. Kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani huwakumbusha wananchi jambo hilo. Magari ya abiria yana mlango mwingine wa kupitia, yaani leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kwa upande wa magari ya binafsi, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Uamuzi huo ulipokewa kwa furaha, na kwa haki. Ila uliondoa pia ile siku moja ambayo mwenye gari alilazimika kukumbuka kwamba chombo chake kina kumbukumbu serikalini.

Kasoro haiko katika sheria. Iko katika namna ya kuuliza. Mkaguzi hulipima gari likiwa limesimama, likiwa tupu, asubuhi, juu ya ardhi tambarare. Akitaka kujua habari ya breki, huamuru liendeshwe mita chache kisha lisimamishwe ghafula. Likisimama bila kuvuta upande mmoja, limefaulu. Jaribio hilo si la kupuuzwa, kwani hufichua silinda iliyokwama na lainingi zilizolowa mafuta. Lakini kwa gari la milimani ni sawa na kumpima mbeba mizigo pumzi akiwa ameketi.

Hesabu fupi itaonyesha. Gari lenye uzito wa kilo 2,500, mzigo wake ukiwamo, likienda mwendo wa kilometa 30 kwa saa, lina nishati ya mwendo ipatayo jouli 87,000. Likisimamishwa, nishati hiyo yote haina mahali pa kwenda ila kugeuka joto, na joto hilo huingia katika ngoma za breki. Ichukuliwe kuwa ngoma zote nne kwa pamoja zina kilo 30 za chuma cha kusubu. Ili kupandisha joto la kilo moja ya chuma hicho kwa nyuzi moja ya Sentigredi huhitajika jouli 460 hivi. Basi jaribio la mkaguzi litapandisha joto la ngoma kwa nyuzi 6 tu. Mtu akizigusa baada ya hapo hatahisi tofauti.

Sasa gari hilohilo lishuke kutoka kijiji kilicho mita 1,000 juu ya uwanda. Nishati inayoachiliwa ni uzito mara kimo mara mvutano wa dunia, yaani jouli milioni 24.5. Hiyo ni zaidi ya mara 280 ya jaribio la asubuhi. Ingetosha kuchemsha ndoo tatu na nusu za maji ya kawaida, zile za lita ishirini. Kama yote ingeingia katika zile kilo 30 za chuma bila kutoroka hata chembe, joto lingepanda kwa nyuzi zipatazo 1,775, na chuma cha kusubu huyeyuka karibu na nyuzi 1,200. Bila shaka ngoma haziyeyuki njiani. Upepo huzipoza, msuguano wa matairi na barabara huchukua sehemu yake, na injini, ikiwa dereva ameweka gia ya chini, huchukua sehemu kubwa zaidi. Hata hivyo hesabu inaonyesha ukubwa wa kazi iliyopo. Mteremko wa milimani ni tanuri, na breki ndiyo kuni zake.

Wapare wa zamani wasingehitaji kuelezwa sana jambo hili. Wahunzi wa ukoo wa Washana, katika Upare ya Kaskazini, walifua chuma kilichotafutwa hadi Uchagani, nao walijua joto la chuma kwa rangi yake. Bahati mbaya ngoma ya breki hufichwa ndani ya gurudumu, na hudhoofu kabla haijafikia hata wekundu wa kwanza. Dereva hapewi rangi yoyote ya kumwonya. Hupewa harufu, naye aghalabu hudhani ni ya klachi.

Joto likizidi, mambo matatu hutokea, mara nyingi kwa pamoja. La kwanza, lainingi hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu zilezile lakini gari halishiki kama lilivyoshika kwenye kona ya juu. La pili, ngoma hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyo ndani yake, hivyo pedali husafiri mbali zaidi kabla ya kushika. Breki za sahani, kama zile za mbele za Noah, hazina ugonjwa huo wa kutanuka, ila nazo hupeleka joto moja kwa moja kwenye silinda na mafuta yake. La tatu ndilo la hatari kuliko yote, nalo linahusu kile kichupa kidogo kilicho karibu na injini ambacho katika ukaguzi hutazamwa kwa sekunde mbili: kimejaa au hakikujaa?

Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu. Hufyonza kupitia mipira, kupitia kifuniko, na kupitia lile kopo lililoachwa wazi katika rafu ya gereji. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Ikisha kufyonza maji kiasi cha asilimia tatu na kitu, kiwango chake cha kuchemka kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Aina ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Mguu wa dereva huzama mpaka sakafuni na magurudumu hayapati habari. Baada ya robo saa mfumo ukipoa mvuke hurudi kuwa majimaji, na pedali husimama tena imara kama kwamba hakuna lililotukia. Ndiyo maana baada ya ajali nyingi breki hupimwa zikaonekana nzima, na lawama yote ikamwangukia dereva.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Ni magari mangapi makuukuu yamewahi kubadilishiwa? Desturi ni kuongeza tu kinachopungua. Tena husimuliwa katika gereji nyingi habari za aliyekosa mafuta njiani akamimina maji ya sabuni, au mafuta ya injini. Maji ya sabuni huchemka mapema. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya silinda hadi ikararua. Land Rover nyingi za miaka ya 1960 zina mfereji mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka zimekwisha breki zote za miguu. Hubaki breki ya mkono, ambayo kwa magari hayo haishiki gurudumu bali shafti itokayo kwenye gia. Ni ya kulizuia gari lililosimama, si la kulisimamisha lililoshika kasi.

Jambo la dereva nalo haliwezi kuachwa. Kanuni ya madereva wa zamani ni kuteremka kwa gia ileile uliyopandia, na fizikia inaiunga mkono kabisa. Lakini petroli ni ghali, na wako wateremkao gia ikiwa huru, hata injini wakaizima, ili waokoe vikombe viwili vya mafuta. Injini ikizimwa, kile chombo cha kusaidia breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali huwa nzito kama jiwe. Katika magari ya gia za kujiendesha dereva huacha mkono wa gia kwenye D toka juu hadi chini, kana kwamba herufi L na tarakimu 2 zimeandikwa hapo kwa urembo. Hakuna ukaguzi unaomwuliza dereva alama hizo ni za nini.

Matokeo ya breki kushindwa yanajulikana nchini. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori lililoripotiwa kufeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Tarehe 7 Juni 2025, katika mteremko wa Iwambi, Mbeya, lori jingine lililokosa breki lilisababisha vifo vya watu 28. Malori makubwa hutumia breki za upepo, si za mafuta, hivyo habari ya kuchemka haiyahusu. Habari ya joto yawahusu yote. Nayo Same yenyewe ilipata msiba wake tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi na basi dogo zilipogongana na kuwaka moto na watu zaidi ya thelathini kupoteza maisha. Taarifa ya kwanza ya Ikulu ilitaja tairi la basi.

Tairi nalo hukaguliwa kwa jicho, na jicho hutazama kashata: zipo au hazipo. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hudai kina kisichopungua milimeta 1.6. Ni sawa, lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Oksijeni na jua huukausha toka ndani, na tairi lenye kashata nzuri kabisa laweza kuwa limekauka kama ngozi ya ngoma. Umri wake haufichwi. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000, mwishoni mwa alama ya DOT, huwa tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi lenye 2312 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mtu anunuaye tairi la mtumba aweza kuzisoma kwa sekunde tano, na mkaguzi vilevile.

Nchi nyingine zilipitia njia hii zamani. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960 kwa magari yaliyokuwa na umri wa miaka kumi na zaidi, ukagusa breki, taa na usukani. Kufikia mwaka 1967 kiwango cha umri kilikuwa kimeteremshwa hadi miaka mitatu. Japani humtaka mwenye gari dogo alipeleke likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake si ndogo. Mjapani mwenye gari la miaka kumi na tatu hupiga hesabu, akaona nafuu kuliuza. Hilo ndilo lishukalo bandarini Dar es Salaam likaitwa jipya. Kwa maneno mengine, magari mengi ya Tanzania ni yale ambayo wenyewe waliyaacha kwenye kizingiti cha ukaguzi mwingine. Hilo halimaanishi kuwa ni mabovu. Mengi bado yana afya njema. Lamaanisha tu kwamba kazi ya kuwa mkali kidogo kwayo imeachiwa huku.

Lakini ukali wa namna gani? Wapo wasemao dawa ni kuweka ukomo wa umri na kuyatoa magari makuukuu barabarani. Rai hiyo ni nyepesi kuisema mjini. Mama aliyeshikwa na uchungu milimani hafikishwi Hospitali ya Gonja kwa gari lisilokuwapo. Njia za Upare ya Kusini hazina foleni ya magari mapya yanayongoja nafasi. Likiondolewa Land Rover la mzee, nafasi yake huchukuliwa na pikipiki yenye abiria wawili na gunia, au na miguu. Tena umri wenyewe si ushahidi. Land Rover la miaka hamsini lililobadilishiwa mafuta ya breki mwaka huu, lenye viatu vizima na dereva ajuaye gia zake, ni salama kuliko gari la miaka kumi ambalo mafuta yake hayajaguswa tangu Yokohama. Mkaguzi anayelikataa la kwanza kwa sababu ya kutu ya mlango na kulipitisha la pili kwa sababu ya rangi yake amefanya kazi, ila kazi hiyo haikumwokoa mtu.

Rai inayostahili kufikiriwa ni nyingine: ukaguzi wa magari ya milimani ufanyike chini ya mlima, gari likiwa limeshuka na mzigo wake. Badala ya kuliita Same likiwa tupu na limeoshwa, mkaguzi asimame Bendera, Kihurio au Ndungu siku ya gulio na alipokee likiwa bado moto. Vifaa vya kazi hiyo ni vichache. Wananchi walikwisha kuzoea vipimajoto visivyogusa wakati wa korona mwaka 2020; vile vya paji la uso havifai hapa, maana haviendi mbali na joto la mwili, lakini vipo vya mafundi visomavyo mamia ya nyuzi. Mkaguzi akielekeza kimoja kwenye kila gurudumu ataona mara moja lipi limefanya kazi peke yake na lipi halikufanya kitu: gurudumu lililo baridi baada ya mteremko ni breki isiyoshika, na lililo moto kupita wenzake ni breki isiyoachia. Kifaa cha pili ni kipimo kidogo, umbo la kalamu, kinachochovywa ndani ya mafuta ya breki na kuonyesha kwa taa kiasi cha maji kilichomo. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja jipya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kina mitambo ya kukagulia magari, na hiyo ina mahali pake. Lakini iko mamia ya kilometa kutoka Mkomazi, nayo hupima gari lililosimama.

Kifaa cha tatu ni daftari. Kila gari la biashara la milimani liwe na kitabu chake, kama kile cha kliniki apewacho mama kwa ajili ya mtoto, kimeandikwa tarehe ya kubadilishwa mafuta ya breki, tarakimu za kila tairi na saini ya fundi. Kitabu hicho kifuate gari, si mwenye gari, kisipotee linapouzwa. Kwa njia hiyo tairi la kuazima litajulikana, maana namba yake haitalingana na ya mwaka jana.

Itapingwa kwamba madereva watayakwepa magulio yenye mkaguzi. Huenda ikawa hivyo mwaka wa kwanza, kama mkaguzi atakuja na kitabu cha faini peke yake. Akija pia na makopo ya mafuta ya breki ya kuuza kwa bei ya duka, na fundi mmoja wa kuyabadilisha papo hapo, huenda foleni ikawa ya upande mwingine. Jambo lisiloweza kupatanishwa ni saa. Ngoma ya breki iliyoshuka mita elfu moja hupoa upesi ikisimama kwenye upepo wa uwandani, na mafuta yaliyochemka hutulia kabla yake. Mkaguzi atakayengoja dereva ashushe mzigo, alipwe na anywe chai atakuta tena gari baridi, kama lile la Same.